Mi sikununua kifaa cha kujaza kulanti, nilinunua geji

(Niliyaongea haya Jumapili asubuhi mbele ya mafundi wenzangu hapa Dar, kijana wangu akarekodi kwa simu. Nimeyaandika nilivyoyasema, nimepunguza tu pale tulipocheka sana.)

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, mambo vipi. Nimeambiwa niongee kuhusu hiki kifaa cha vakyumu cha kujazia kulanti, yale maji ya kupozea injini, maana siku hizi kila mtu anauliza ninunue kipi, cha Mchina au cha Marekani, chenye vipande vingapi, wengine mnanitumia picha usiku wa manane mnataka niseme ndio au hapana, na nikisema ndio halafu kikazingua inakuwa mimi ndo nimekuuzia. Kwa hiyo leo nasema mara moja, wote mpo.

Kwanza nikiri kitu. Miaka yote nimejaza rejeta kama mlivyojaza nyie. Unafungua mfuniko, unamimina, unawasha gari, unaminyaminya mpira wa juu, povu linatoka bulubulubulu, unaongeza, feni inawaka, unafunga, unamwambia mteja nenda nayo kesho uje tuangalie maji. Kwa IST, kwa Vitz, hiyo inakubali kabisa, injini ndogo, kulanti kama lita 5, mdomo wa rejeta uko juu, upepo unapanda wenyewe unatoka. Kama kazi zako zote ni hizo usinunue vakyumu, nasema hivi bila kumdharau mtu. Nunua ile faneli yenye adapta inayofungwa mdomoni pa rejeta ikakaa juu kuliko kila kitu, ile ya Lisle au kopi yake, na hela inayobaki tafuta pampu ya kupima presha ya rejeta. Watu wa IST nimemalizana nao, mnaweza kwenda kunywa chai.

Mmebaki watu wa Hiace na Subaru. Na wa BMW, poleni.

Hiace mnaijua, injini iko chini ya kiti, halafu kama ina hita ya nyuma mabomba yanatambaa chini ya bodi yanapanda yanashuka, ni zaidi ya lita 10 mle ndani, na kila bomba lilipopanda halafu likashuka hapo juu upepo unakaa kama mtu aliyepata kivuli. Subaru injini imelala, hedi mbili, yaani vichwa vya injini, moja kushoto moja kulia, upepo ukishika upande mmoja upande wa pili hauna habari. Na upepo ukikaa kwenye hedi ubaya wake ni kwamba sensa ya temprecha haizami tena kwenye maji, iko kwenye mvuke, sasa mshale wa dashibodi unakaa katikati kwa adabu zote wakati hedi inaungua. Mteja anakwambia fundi gari iko poa, mshale haujapanda kabisa. Anaenda nayo Mbeya. Anafika mlima Kitonga. Zingine mnazijua wenyewe, simu inaita saa tisa usiku na wewe unaiangalia tu.

Sasa kile kifaa kinafanya nini. Watu wanasema kinavuta kulanti. Hakivuti. Kinachofanya ni kutoa upepo ndani ya mfumo mzima, halafu ukifungua valvu, upepo wa nje, huu huu tunaovuta hapa, ndo unaosukuma kulanti kutoka kwenye ndoo kuingia kwenye injini. Ni kama unavyokunywa dafu kwa mrija, wewe unatoa upepo mrijani, maji yanasukumwa na hewa ya nje. Ukilielewa hilo, maswali nusu mnayoniuliza yanajijibu, mtaona.

Ndani ya kifaa hamna mota wala pistoni. Kuna kitundu chembamba, upepo wa kompresa unapita pale kwa kasi sana, ukipita unachukua na upepo wa pembeni, unatoka nao. Ndo zile kelele. Kwa hiyo nguvu yote ni ya kompresa yako, na hapa watu wengi wanapigwa, ananunua kifaa kizuri halafu anakifunga kwenye kale kapampu ka kujazia tairi kanakochomekwa kwenye soketi ya sigara. Hakiwezi. Vingi vinataka psi 90, yaani bar 6 hivi, na zisishuke wakati unavuta. Kompresa ya lita 50 ya gereji ndogo inaweza ila kwa akili: jaza tanki mpaka bar 8, fungua, mshale unapanda haraka, halafu unaona unachoka, hapo funga valvu ya vakyumu KABLA hujafunga upepo, acha kompresa ijaze tena, rudia. Ukikosea huo mpangilio upepo unarudi ndani na umeanza upya.

Sasa geji, kile kisahani chenye mshale kinachoonyesha umetoa upepo kiasi gani. Mniangalie hapa maana ndo hasa nilichokuja kusema.

Hapa Dar tuko usawa wa bahari, hewa yetu ina uzito wa inchi 29.9 za zebaki, hiyo ndo yote iliyopo, hakuna kifaa duniani kitakachokupa 32, akikwambia hivyo mwambie akuuzie na mvua. Kifaa kizuri na kompresa nzuri kinafika 25, 26. Geji zingine zimeandikwa kwa sentimita, zinaishia 76, ni kitu kile kile, usiogope.

Kuna kijana wetu yupo Mbeya, alinipigia amekasirika kweli, kaka umeniambia ninunue hiki, kinaishia 21, nakirudisha dukani. Nikamuuliza uko wapi. Mbeya. Sasa Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yote ya Mbeya haizidi inchi 24 na kitu, atapata wapi 25? Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza kama inchi moja. Ndugu zetu wa Nairobi nao hivyo hivyo, wako karibu mita 1,800. Yule kijana 21 yake ni sawasawa na 25 yangu mimi hapa, kifaa kilikuwa kizima kabisa. Kwa hiyo ukiona geji imepakwa rangi ya kijani kuanzia 24, jua ile rangi ilipakwa na mtu anayekaa pwani.

Na kwa nini tunahangaika na hizo namba? Kwa sababu upepo uliobaki haupotei. Tuseme gari inachukua lita 7. Ukiishia 20 hapa Dar umebakiza theluthi ya upepo ndani, ukifungua kulanti ikaingia, ule upepo unabanwa unakuwa lita mbili na ushee, uko mle mle sehemu. Ukifika 25 unabakiza kama lita moja. Unaona? Inchi 5 tu za geji, lita nzima ya upepo. Kwa hiyo anayesema vakyumu inamaliza upepo wote anakudanganya, inapunguza mpaka pale ambapo kidogo kilichobaki kinatoka chenyewe ukiwasha ukaongeza chupa ya rizevu. Hiace mimi navuta mara mbili, ya pili kidogo tu, jicho likiwa kwenye mpira kulanti isije ikapanda kwenye kifaa.

Lakini hiyo bado sio sababu ya mimi kusema nilinunua geji. Sababu ni zile dakika tano. Ukishavuta ukafika 25, unafunga, unakaa. Hufanyi kitu. Ukitaka kavute soda. Mshale ukibaki pale pale baada ya dakika tano, mfumo hauna tundu, na umejua hilo kabla hujamwaga hata kikombe cha kulanti. Mshale ukishuka, kuna mahali panaingiza upepo, tafuta. Zamani tulikuwa tunajuaje? Tunajaza kulanti ya mteja lita 8, tunawasha, ndo tunaona inatiririka chini ya wota pampu, tunamwaga yote tunaanza upya, na hela ya kulanti ya pili nani anatoa, tunaanza kugombana na mteja. Kujaza haraka ni bonasi tu.

Sasa niwaambie aibu yangu.

Kifaa changu cha kwanza nilinunua kwa bei ya kutupa, boksi kubwa, koni tano za mpira za kuziba mdomo wa rejeta, za rangi rangi, nikajiona mimi ndo mimi. Ikaja Forester, nimebadilisha mpira wa chini, navuta, 24, nafunga, mshale unashuka polepole, dakika mbili uko 18. Narudia, vile vile. Nikakaza klipu zote. Vile vile. Nikamwambia mteja bosi rejeta yako imetoboka, nikaishusha, nikaipeleka kwa mzee wa rejeta, akaziba midomo, akaizamisha kwenye pipa, akapiga upepo. Mafundi, hakuna povu hata moja. Yule mzee akaniangalia, akaniuliza, umepima chombo chako? Nikasema chombo ni kipya mzee. Akasema sijakuuliza upya.

Nikarudi gereji, nikaziba tundu la koni kwa kidole gumba, nikavuta, kidole kinanyonywa mpaka ngozi inaingia ndani, nikafunga valvu, nikahesabu. Sekunde kumi mshale umelala. Valvu yenyewe ndo ilikuwa inavuja! Kitufe kidogo cha plastiki pale na ringi yake ya mpira ngumu kama kucha. Nimemshushia mtu rejeta nzima kwa ajili ya ringi. Ile siku sikumdai hela ya kazi, na sikumwambia kwa nini, leo ndo nasema.

Kwa hiyo ukienda dukani usihesabu vipande. Omba uzibe tundu kwa kidole, muuzaji akiwa na kompresa jirani. Vuta, funga, subiri dakika moja. Ndani ya kifaa chenyewe nafasi ni ndogo sana, kwa hiyo hata tundu la nywele linaangusha mshale haraka, huwezi kudanganywa. Mshale ukitulia, kinunue hata kama boksi lake limepasuka. Muuzaji akikataa usipime, salimia uondoke. Na valvu za chuma za kuzungusha robo mzunguko mimi nazipenda kuliko vitufe, ila hiyo ni roho yangu tu, nimeona na vitufe vizuri.

Koni. Mpira uwe laini, ukiubonyeza kwa kucha urudi. Kuna zile koni za kusukumiza tu na kuna zile za kukaza kwa skrubu mpira unavimba unashika pembeni, hizi za kuvimba zinashika vizuri zaidi kwenye matanki ya Mzungu yenye mfuniko wa kuzungusha. Ila kwenye gari za Kijapani kuna mtego, chungulieni mdomo wa rejeta, kuna kale kanjia kadogo pembeni kanakoenda kwenye chupa ya rizevu. Koni ikikaa juu ya kale kanjia unavuta upepo wa chupani mchana kutwa, geji haifiki popote. Koni lazima ishuke izibe chini yake, au ubane ule mpira mdogo kwa plaizi, taratibu, weka kitambaa usiukate. Nimeona mtu anarudisha kifaa dukani kwa hilo tu.

Mdomo wa kuchomekea upepo nao angalieni. Kits za Marekani na za Ulaya zinakuja na midomo yao, haiingii kwenye kapla zetu. Unabadilisha, sawa, ila uzi wa robo inchi wa Kimarekani una meno 18 kwa inchi na ule wa Kiingereza, BSP, una 19, vinaanza kuingiliana vizuri mizunguko miwili mitatu halafu vinakaza, kijana anaongeza spana, bodi ya kifaa inapasuka. Ukiona kimekaza mapema, toa.

Mpira wa kulanti uwe unaona ndani. Mweusi sitaki. Unahitaji kuona kama kuna povu linapita, na kabla hujavuta kulanti jaza ule mpira kwanza, la sivyo umehangaika kutoa upepo wote halafu unaurudisha mwenyewe mita nzima ya mpira. Ndoo iwe na kulanti zaidi ya gari inavyohitaji, na iweke juu, juu ya stuli sawa na rejeta, sio chini sakafuni. Mpira ukichomoka kwenye kulanti sekunde moja tu utasikia unavyonyonya, na kazi imeisha.

Mtu alinyoosha mkono hapa. Ndio fundi... Anauliza kama anaweza kutumia pampu ya vakyumu ya AC, anayo tayari. Kaka, inavuta kweli, tena vizuri kuliko hivi, ila ina oili ndani, ikionja kulanti na mvuke wa maji oili inakuwa kama maziwa na pampu imekwenda, na ile ni ghali kuliko hiki. Iache ifanye AC. Na ile pampu ya mkono ya kutolea upepo kwenye breki, utavuta mpaka Iddi.

Kingine ambacho hakipo kwenye karatasi ya maelekezo, au kipo ila hakuna anayesoma, injini iwe imepoa. Sio kwa sababu ya kuungua tu. Maji ndani ya vakyumu yanachemka mapema, ukiwa kwenye 25 maji yaliyobaki kwenye bloku yanachemka kwenye nyuzi kama 56 tu, sasa injini ya vuguvugu, wewe unavuta, maji yanageuka mvuke, mshale hautulii, unasema ina tundu. Haina. Ina moto. Iache, nenda kafanye breki za gari nyingine.

Mipira ya rejeta itanywea, mpira wa juu utalala kama chandarua, usipige kelele, ni kawaida, utarudi. Ila kama mpira ni mzee umepasukapasuka, badilisha kwanza. Na fungua hita mpaka mwisho kwenye joto, gari zingine zina valvu ya hita, usipofungua umeacha nusu ya njia. Themostati, ile valvu inayofunguka injini ikipata moto, iwepo, na hapa najua naongea na watu gani, wale wa kutoa themostati mkasema hapa Dar joto halihitajiki. Tutaongea siku nyingine, leo sitaki ugomvi.

BMW zenye wota pampu ya umeme, zile injini za N52 na wenzake, vakyumu haikuondolei ile kazi ya kutoa upepo kwa pampu yenyewe: unawasha swichi bila injini, hita juu kabisa, feni chini, unakanyaga mafuta sekunde 10, pampu inazunguka yenyewe kama dakika 12, na betri iwe kwenye chaja. Vakyumu inakusaidia tu isikute upepo mwingi. Prius nazo inveta ina kulanti yake mbali na ya injini, tanki lake dogo na mdomo wake mdogo, kwa hiyo kama unafanya haibridi hakikisha koni ndogo kabisa ipo, hapo ndo nakubali vipande vingi vina maana.

Ila jamani, vakyumu isiwafanye mtupe pampu ya presha. Vakyumu inavuta kuta kwenda ndani, kuna nyufa zikivutwa ndani zinajiziba, halafu mfuniko wa bar 0.9 au 1.1 ukishapandisha presha, ule ufa unafunguka kwenda nje. Mimi nikishajaza napiga presha sawa na namba ya mfuniko, naacha tena. Gasketi ya hedi inayoanza kuungua nayo mara nyingi vakyumu haiioni.

Moshi ule unaotoka kwenye kifaa una kulanti ndani, funga kipande cha mpira utoe kwenye chupa, usipumulie. Na ndoo ya kulanti iliyomwagwa msiiache wazi, ile kitu ni tamu na ni sumu, mbwa akinywa hafiki mbali, na hapa tuna watoto wanapita.

Basi. Ile Hiace pale imelala tangu jana, imepoa, kijana ameshafungua rejeta. Nimekuja na vifaa viwili, kipya na kile changu cha Forester, sikukitupa. Sisemi kipi ni kipi. Nani ana gumba kubwa, aje azibe.